Miaka Niliyofundisha Wanaume wa Uvira Kushusha Mkono

Ondoeni meza. Ndilo neno langu la kwanza kwenu, ninyi vijana mnaoanza kazi ya kufundisha wanaume wanaopiga. Waliosoma shule ndefu wasinikasirikie kwamba naanza na mbao badala ya kuanza na moyo. Mwanaume akikaa nyuma ya meza anaficha mikono, na mikono ndiyo iliyomleta kwenu. Mdomo utawaambia yote mnayopenda kusikia. Mikono haiwezi. Inalala juu ya magoti, au inajikunja, au inachuna ngozi ya kidole gumba mpaka damu itoke. Mimi nimetazama mikono ya wanaume wa Uvira kuliko mtu yeyote aliye hai mu mji huu, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Wengine walichoka, wengine walipata kazi Bukavu. Mimi nilibaki.

Niliacha shule mwaka wa nne wa primere. Nilibeba mifuko pa bandari ya Kalundu mpaka shingo ikawa fupi hivi mnavyoiona, halafu nikawa sentineli, mlinzi wa geti, kwenye ofisi ya shirika moja lililokuwa na ukumbi chini karibu na ziwa. Msiutafute huo ukumbi. Ziwa lilipanda likaingia bila kubisha hodi, na leo watoto wanaogelea pale nilipojifunzia kazi. Lakini wakati ule sisi tulikuwa tumeshahamia Rugenge, na mimi nilikuwa nimeshakuwa mtu.

Nilivyotoka getini mpaka ndani ya ukumbi wa masomo ni hivi. Mama Noela, mwanasaikolojia kutoka Bukavu, alikuwa anafundisha wanaume waliopiga wake zao. Wengine waliletwa na wachungaji, wengine na shefu wa avenyi, yule mkubwa wa mtaa, wengine walisukumwa na mama zao wenyewe. Siku moja dereva mmoja wa malori, mtu wa mwili, akaruka kutoka ukumbini akafika kwangu getini.

"Fungua!"

"Nafungua, papa. Lakini unaenda fasi gani?"

"Ku nyumba!"

"Ku nyumba kuko nani? Bibi alikimbia, batoto balimufuata. Utaenda kugombana na kuku?"

Akanikazia macho. Nikaona mashavu yake yanashindana na kicheko.

"Kuku nayo niliuzisha," akasema, akageuka akarudi ndani.

Mama Noela alikuwa amesimama dirishani. Kesho yake aliniambia nivue koti la usentineli niingie nikae pamoja nao. "Unajua kushika mlango bila kushika mtu," alisema. "Ni jambo zuri. Sasa nitakufundisha mengine yote, maana hilo peke yake halitoshi." Alinifundisha kama panga linavyonolewa, polepole na juu ya jiwe. Ningesema neno zuri la kufurahisha kikundi, yeye angeniita pembeni aniulize, "Lile neno lilikuwa la nani? La wao au la kwako?" Mara nyingi lilikuwa la kwangu. Nina maneno mengi mazuri.

Watu wanafikiri kazi hii ni mahubiri. Haiko mahubiri. Mahubiri mtu anasikia, analia, anatoka, anapiga. Hii ni masomo yenye mpango: wanaume walewale, siku ileile ya juma, mlango umefungwa, na hakuna kuruka somo. Kwanza mwili, halafu wazo, halafu tendo lenyewe, halafu walioumia, mwisho kurekebisha. Ni kama mpunga wa bonde la Ruzizi. Unaanza na kitalu, kupandikiza kunafuata. Asiyekuwa na kitalu anapandikiza matope.

Katika somo la mwili tunawaonyesha kwamba kabla ya ngumi kuna bega, kabla ya bega kuna taya, na kabla ya taya kuna joto fulani tumboni. Kila mwanaume anaapa kwamba hasira yake inaanguka kama radi. Si kweli. Inakuja kama lori linalotoka Sange, unalisikia toka mbali, una muda wa kutoka balabalani. Tatizo ni kwamba wengine wanapenda kusimama palepale katikati wakilisubiri.

Somo la wazo ni gumu zaidi. Nakumbuka mvuvi mmoja ambaye bugali, ule ugali wa jioni, ilichelewa, akampiga mke wake.

"Bugali ilipochelewa, ulijiambia nini?" nikamuuliza.

"Sikujiambia kitu."

"Fikiri."

"Nilikuwa na njaa tu, mwalimu."

"Ku ziwa unashindaka na njaa usiku muzima. Unapigaka nani kule? Samaki?"

Halafu akasema, "Nilijiambia ananizarau."

"Ni bugali ndiyo ilikuambia ivyo?"

"Hapana. Ni minye."

Mtu akishasema ni yeye mwenyewe, hapo ndipo somo linapoanza. Usimsaidie. Ukimpa wewe lile neno, atalibeba kama zawadi na kulisahau pa mlango. Akilichimba mwenyewe halimtoki tena.

Na kuna shetani. Mtakutana naye siku ya kwanza kabisa. Shetani alinipitia, shetani aliniingia, shetani alichukua mkono wangu. Mama Noela alikuwa anasema kwa upole kwamba mu duara hili shetani hana kiti. Mimi nilikuwa na njia yangu. Nilimwuliza fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, "Huyu shetani wako, juu ya nini hakupigaka komanda wa askari pa bariere ya balabala? Komanda anakutukana kila siku." Akasema, "Aa, komanda iko na bunduki." Basi kikundi kizima kikapasuka kwa kicheko, na yeye mwenyewe akacheka, halafu akaacha kucheka peke yake wakati wengine bado wanacheka. Huo ndio wakati wa kumtazama mtu. Shetani anayejua nani ana bunduki na nani hana, huyo si shetani, huyo ni wewe unapiga hesabu.

Angalieni kicheko lakini. Kuna kicheko kinachofungua na kuna kicheko kinachofunga. Wakianza kuchekea wanawake, nyamazeni. Usitabasamu hata kidogo, hata kama utani ni mzuri, na utani wa Uvira mara nyingi ni mzuri.

Njia za kazi zilibadilika. Mwanzoni tulipanga viti kwa mistari kama kilasi, na wanaume wazima wakageuka wanafunzi, wakainua vidole, wakakariri majibu. Tukaingia duara. Kisha mimi nikaleta nyavu, maana nilikuwa nimeona kwamba wavuvi wanasema ukweli wakiwa wanashona. Mtu anashona tundu la wavu, macho yako chini, na neno linatoka bila yeye kulishtukia. Mama Noela alikubali, akaisifu hata mbele ya wakubwa wake, ila aliniambia nihesabu visu kabla ya kufungua mlango. Mimi nilikuwa sijafikiria visu.

Tulikosea pia, na kosa lililotuchekesha zaidi ni la kutoka nje. Mu masomo yaliyoandikwa, mtu akisikia hasira inapanda anamwambia mke wake, "Natoka, nitarudi," anatembea mpaka damu ishuke. Sawa. Lakini mwandishi wa masomo yale hakuwa anaijua Uvira. Mwanaume akitoka nje huku, nje kuko nini? Kuko kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Kuko kanyanga, gongo letu. Kuko yule mama mwingine wa avenyi ya tatu. Baada ya majuma machache wanawake wakatuvamia ukumbini, wamefunga vitenge kiunoni. "Bwana yangu alikuwa anapiga lakini alikuwa anabaki ku nyumba," mmoja alituambia. "Sasa ninyi mumemufundisha kutembea. Anasema ni masomo!"

Tukakaa, tukafikiri. Ndipo nikatoa wazo la bidoni, dumu la kuchotea maji. Hapa kwetu maji ya bomba yanakuja yanapotaka, na wanaobeba bidoni ni wanawake na watoto. Nikasema, anayetoka kwa hasira atoke na bidoni mkononi, na asirudi bila maji. Bidoni ya lita ishirini haiingii kwa kasiksi, na haiendi kwa mama mwingine. Ukipanda nayo mlima wa Songo, ukifika nyumbani huna nguvu ya kuinua hata kijiko.

Ilifanya kazi vizuri mno. Shida ni kwamba mtaa ulielewa upesi. Mwanaume akipita na bidoni, majirani wanaitana: "Kujeni muone! Leo kwa papa Amani kumewaka!" Watoto wanamfuata, "Papa, bibi amekufanya nini?" Wanaume wakaanza kuona haya, wakakataa. Mmoja tu aliendelea, tena akaanza kubeba hata siku zisizo na ugomvi, ili mtaa usijue ni lini. Wenzake wakamwiga. Basi kwa muda fulani mu Songo kulikuwa na wanaume wengi wanabeba maji na hakuna aliyejua nani amekasirika na nani ana kiu. Mimi nasema hiyo ni kazi yangu kubwa kuliko zote, na Mama Noela hakubishana nami, alicheka tu.

Sasa nije kwa Shukuru, maana yeye ndiye ninayetaka mmkumbuke.

Shukuru alikuwa seremala wa mitumbwi. Mtu mtaratibu, safi, mwenye sauti ya chini. Aliletwa na mchungaji wake baada ya mke wake, Mapendo, kukimbilia kwa baba yake kule Sange pamoja na watoto wawili, mkono wake ukiwa kwenye plasta. Shukuru alisema kwamba walisukumana, Mapendo akaanguka pa ngazi ya mlango, mkono ukavunjika. Aliyasema hayo siku ya kwanza, akayasema tena somo la tendo lilipofika, kwa maneno yaleyale. Mambo mengine yote aliyajua. Aliyajua kuliko mimi. Ungemuuliza dalili za mwili, angekutajia toka unyayo mpaka nywele. Wenzake walipolegea, yeye ndiye aliyewaeleza. Nilikuwa namtoa kama mfano hadharani, na mpaka leo nawaambia, msimsifu mtu mbele ya wenzake kabla ya kumaliza. Sifa inampa kiti kizuri, na mtu mwenye kiti kizuri hasimami.

Masomo yalipokwisha, Shukuru akanijia.

"Mwalimu, siku ya posho naenda kwa bukwe kuomba bibi yangu. Nataka weye usimame na minye."

Waliozaliwa pengine niwaeleze: siku ya posho ni Jumamosi, na bukwe ni ukweni. Mwanamke akikimbilia kwao, mume anakwenda na mbuzi na vinywaji, na anakwenda na mtu wa heshima wa kusimama naye. Wazee wanaketi, maneno yanasemwa, mume analaumiwa, anaomba radhi, mbuzi anachinjwa. Mbuzi akishaliwa, maneno nayo yameliwa. Mwanamke anarudi na mume wake jioni ileile, na hakuna mtu wa ukoo atakayeruhusiwa kulitaja jambo lile tena. Akirudi tena amevunjika, wataanza upya kabisa, kama kwamba la kwanza halikutokea. Na yule aliyesimama na mume, uso wake ndio dhamana.

Nilikwenda kumwambia Mama Noela. Nilidhani atafurahi. Yeye ndiye aliyekuwa anawatembelea wanawake, Mapendo akiwa mmoja wao, na sheria yake ilikuwa moja na haikupindika: alichosema mke hakifiki kwa mume, wala kwa mwalimu wa mume. Mtaishika sheria hiyo, tafadhali. Kuna mwanamke anayelipa kwa mwili wake kila neno linalovuja.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Sikuambii kitu," alisema. "Nakuuliza tu: unaenda kusimama na Shukuru, au unaenda kusimama na kazi yako?"

"Si ni kitu kimoja?"

"Nenda ukaangalie," akasema. "Lakini usidhamini."

Tukapanda basi dogo mpaka Sange, mbuzi akatangulia amefungwa nyuma ya moto, yaani pikipiki. Alikuwa jike zuri, jeusi, na alifika amekasirika kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kupokea. Baba yake Mapendo, mzee mkulima wa mpunga, alitupokea kwa adabu. Pembeni yake alikaa mdogo wake, baba mdogo wa Mapendo, mtu wa mdomo mkali. Mapendo alikaa kwenye mkeka upande wa jikoni, watoto wanamwegemea. Plasta ilikuwa imetolewa, ila aliushika mkono ule kwa mkono mwingine, kama mtu anavyoshika kitu cha kuazima.

Baba mdogo ndiye aliyefungua maneno. "Na uyu mufupi ni nani?"

"Ni mwalimu wangu," Shukuru akasema.

"Mwalimu? Minye namujua uyu. Si alikuwa sentineli?"

"Nilikuwa sentineli mzuri, muzee," nikamjibu. "Hakuna kilichoibiwa." Wakacheka, tukaendelea.

Shukuru akasema. Nawaambia, alisema vizuri. Alieleza hasira inatoka wapi, akaeleza wazo, akaeleza kwamba mwanamke si mtoto wa kurudiwa kwa fimbo. Wazee wakawa wanatikisa vichwa. Mzee mkulima akanigeukia, machozi yanamlenga. "Mwalimu, umefanya kazi. Mutoto amebadilika." Nitadanganya nikisema sikusikia raha. Niliketi pale nimepanuka kama unga mu maji ya moto.

Halafu wakamwuliza Mapendo. Desturi ni kumwuliza mwisho, na desturi ni yeye kuitikia.

"Nimesikia," Mapendo akasema. "Maneno ni ya muzuri. Minye naomba kubaki apa mpaka mupunga uvunwe. Akuje kunisalimia kila siku ya Mungu nikitoka kanisa, arudi kwake. Bila mbuzi."

"Mpaka mupunga uvunwe!" baba mdogo akaruka. "Unafanya bwana wako musafiri? Mbuzi iko apa, muntu wa masomo iko apa, unataka nini tena? Malaika?"

Watu wote walikuwa wanamtazama Mapendo. Mimi, kwa mazoea ya kazi tu, nikatazama mikono ya Shukuru. Uso wake ulikuwa unatabasamu. Kidole gumba kilikuwa kimeingia ndani ya ngumi, na ngumi ilikuwa imebana mpaka vifundo vikawa vyeupe. Kisha bega likapanda. Nikamtazama Mapendo, nikaona kwamba yeye pia haangalii uso. Anaangalia mkono. Alikuwa anasoma kitabu kilekile ninachosoma mimi, na yeye alikuwa amekisoma akiwa karibu zaidi.

Mzee mkulima alikuwa ameshamwashiria kijana wake alete kisu.

"Wazee," nikasema, "mbuzi asichinjwe."

Mngesikia kelele. Baba mdogo alisimama kabisa. "Weye unakataza mbuzi ya bantu bengine? Mu nyumba ya bantu?"

"Sikatazi, muzee. Nasema niliyoletwa kusema. Shukuru amemaliza masomo, nathibitisha. Alikaa, alisikiliza, aliyajua yote. Lakini mkono wake siwezi kuudhamini. Mbuzi akiliwa leo, huyu mama atakosa fasi ya kusemea kesho. Muacheni abaki, kama alivyoomba."

Shukuru akanigeukia. Sauti ilikuwa bado ya chini. "Mwalimu. Unaniuzisha mbele ya bakwe?"

Nilikuwa nahesabu hatua kati yake na ule mkeka, na kati yangu na yeye, na nilikuwa nimeshasogeza mguu. Akasimama. Mapendo akavuta watoto nyuma yake bila kuinuka. Shukuru akatutazama wote, akatoka nje ya paseli, kile kiwanja cha nyumba, akaingia njia ya mashamba bila kumuaga mtu.

"Basi," mzee mkulima akasema, "mumeharibu."

Inawezekana tulikuwa tumeharibu. Tulikaa. Hakuna aliyegusa vinywaji. Mbuzi alitafuna pindo la mkeka, mtoto mdogo akamfukuza, akarudi. Baba mdogo alinieleza kwa kirefu mambo yote ambayo sentineli hapaswi kuyafanya. Nilimwacha. Mtu anayesema hapigi, kwa kawaida.

Jua lilikuwa limeinamia milima Shukuru aliporudi. Suruali yake ilikuwa na matope mpaka magotini. Hakuketi. Alisimama mbele ya mzee mkulima, mikono wazi.

"Papa," akasema. "Hakuangukaka pa ngazi."

Kisha akaendelea.

"Minye nilimuvunja. Nilishika mukono, nikauzungusha. Nilisikia mufupa. Na kisha nikamupiga tena."

Mimi niliyesikia habari za wanaume wengi nilikuwa sijasikia mtu akisema lile la mwisho. Wote wanasimama pa mfupa. Baada ya mfupa, kwa hadithi zao, wote wanalia na kutafuta moto wa kwenda hospitali.

Sasa angalieni kazi inavyomkuta mtu. Baba mdogo alikuwa ameshanyanyua mwiko wa kusongea bugali, mkubwa kama kasia, na vijana wawili wa nyumba walikuwa nyuma yake. Nikasimama katikati. "Muzee, taya lako," nikamwambia. "Lisikilize. Bega limeshapanda, unaliona?" Akanitazama kama mwenda wazimu. "Bega gani?" akasema. "Hilo," nikasema, nikamgusa. Alisimama na mwiko hewani, akawa kweli analisikiliza bega lake, na mwishowe akaushusha akasema kwamba mtu huyu mfupi amelogwa. Nawaambia, hilo somo lilikuwa fupi na lilikuwa zuri.

Mzee mkulima hakumtazama Shukuru. Alimgeukia binti yake. "Uliniambia ulianguka."

"Ni yeye alikuambia, papa," Mapendo akajibu. "Minye hamukuniulizaka."

Mzee akainamisha kichwa. Akauliza afanye nini na mbuzi, arudishwe kwa mwenyewe?

"Mbuzi abaki," Mapendo akasema. "Asichinjwe, asiuzishwe. Akikaa muzima, maneno nayo iko muzima. Siku nitasema iishe, ni minye nitasema."

Hapo kwa desturi hakuna kitu cha namna hiyo. Mwanamke hashiki kamba ya mbuzi wa shauri. Wazee walitazamana, wakatafuta mtu wa kukataa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Shukuru mwenyewe alikwenda akafungua kamba pa mti, akaileta mpaka mwisho wa mkeka, akaiweka chini, hakumpa mkononi, akarudi nyuma. Tukaondoka na basi la mwisho.

Juma lililofuata nilimkuta pa ukumbi, amekaa katikati ya wapya, somo la kwanza. Nilimwuliza ameleta nini tena. Akasema, "Nimekuja kuanza." Nilimwonyesha kiti, sikumsifu.

Mavuno yakapita, Mapendo akabaki Sange. Yakapita mengine. Shukuru alikuwa anakwenda siku ya Mungu, anakaa nje na watoto, anarudi. Watu wa Uvira waliniuliza sana, kwa sababu wanapenda kuona nyumba imerudiana wapige vigelegele, na wakubwa wa shirika nao waliuliza, wakitaka kuandika kwamba imerudiana. Niliwaambia haijarudiana. Vijana, mtaulizwa hivyohivyo. Msiwape nyumba ambayo hamna.

Mimi nimeacha kazi sasa. Magoti hayapendi tena duara la viti vya chini, na nina duka langu la misumari na mabati pale Songo, lililojengwa kwa tofali za kuchoma, mtaliona tu. Mwaka huu nilikwenda Sange kupeleka mabati, nikapita kwa mzee mkulima. Mapendo alikuwa anaanika mpunga barazani kwa mikono miwili. Mbuzi jike mweusi alikuwepo, na wawili wadogo wanamfuata. Nilimsalimia, nikamwuliza swali ambalo miaka yote nilikuwa nawauliza wanaume, na sasa naona nilikuwa nawauliza watu wasiopaswa kulijibu.

"Mama, amebadilika?"

Alisambaza mpunga mpaka ukawa sawa pande zote kabla ya kujibu.

"Sijue, papa. Uko kwake minye siko. Lakini minye nalalaka. Nalala mpaka asubui."

Akaniletea maji ya kunywa. Nikanywa, nikashukuru, nikaenda kusimamia mabati yangu.